Maswali yaliyozaa mashetani

Mgeni aliingia darasani, akasalimia, akasema hadithi inayosomwa ni moja ya anazozipenda, akazunguka kidogo, akaaga, akaondoka. Dakika mbili. Hakuharibu kitu. Jina alilopewa ni Sam Stone, na waliopanga ziara yake ni wanasaikolojia wawili wa Marekani, Michelle Leichtman na Stephen Ceci, ambao walichapisha matokeo yao mwaka 1995. Darasa lilikuwa la chekechea, watoto wa miaka 3 hadi 6.

Kundi moja la watoto halikuambiwa chochote kuhusu mgeni huyo. Kundi jingine lilikuwa limeshasimuliwa kwa wiki kadhaa kabla hajafika kwamba Sam ni mtu wa kuvunja na kuharibu vitu bila kukusudia, na alipokwisha kuondoka likahojiwa mara nne ndani ya wiki 10 kwa maswali yenye jibu tumboni. Sam alipochana kile kitabu, alikuwa amekasirika au alikuwa anafanya mzaha? Alipomchafua yule dubu mweupe wa kuchezea kwa chokoleti, alikusudia au ilikuwa ajali? Mwishowe akaja mhoji mwingine, mgeni kabisa, akauliza kwa upole ni nini kilitokea siku ile, kisha akauliza moja kwa moja kuhusu kitabu na dubu. Kati ya wadogo wa kundi hili, wale wa miaka 3 na 4, asilimia 72 walisema Sam aliharibu kitabu au dubu au vyote viwili. Wapo waliotia chumvi ambayo hakuna mtu mzima aliyewapa: kwamba kwanza alimpeleka dubu bafuni, akamlowesha kwa maji ya moto, ndipo akampaka. Kwa wenzao wa umri ule ule wasioambiwa kitu, waliosema hivyo walikuwa asilimia 10.

Asilimia hizo hazikunishangaza sana. Kinachonikaa kichwani ni kilichofuata. Ceci alichukua kanda za mahojiano hayo akawaonyesha wataalamu, wakiwemo watu ambao kazi yao ni kuhoji watoto, akawaomba watambue nani anasimulia yaliyotokea na nani anasimulia yasiyotokea. Wengi walikosea. Mtoto aliyelishwa maneno alikuwa ametulia, ana undani, anaaminika.

Jaribio hilo halikubuniwa kwa udadisi tu. Miaka zaidi ya 10 kabla yake, maswali ya namna hiyo yalikuwa yameanza kupeleka watu gerezani.

Barua ya polisi

Agosti 1983, mama mmoja wa Manhattan Beach, mji wa pwani karibu na Los Angeles, aliwaambia polisi kwamba mwanawe, ambaye alikuwa hajafikisha hata miaka 3, ameharibiwa na mwalimu mwanamume wa chekechea ya McMartin. Mwalimu alikamatwa, ushahidi haukutosha, akaachiwa. Tarehe 8 Septemba mkuu wa polisi wa mji akatuma barua kwa familia zipatazo 200 ambazo watoto wao walisoma hapo au waliwahi kusoma hapo. Barua ilimtaja mtuhumiwa kwa jina. Ikaorodhesha, kimoja kimoja, vitendo ambavyo huenda vilifanyika. Ikawaomba wazazi wawaulize watoto kama walifanyiwa au kama waliona mwenzao akifanyiwa, kisha ikawasihi wasilizungumze jambo hilo na watu wa nje.

Kaa kidogo kwenye kiti cha mzazi huyo. Ni jioni, mtoto anacheza sakafuni, wewe una karatasi ya polisi mkononi. Unamwuliza. Anasema hapana. Je, utaikunja barua uiweke kabatini, ukalale? Utauliza tena kesho wakati wa kumwogesha, utauliza kwa namna nyingine, utachunguza mbona usiku kaota vibaya, mbona kakojoa kitandani. Na lile ombi la kunyamaza lilikuwa la kuandikwa tu. Simu zilianza kupigwa kutoka nyumba moja hadi nyingine. Tangu siku ile hakukuwa tena na mtoto wa McMartin ambaye kumbukumbu yake ilikuwa yake peke yake.

Kisha wakaja wataalamu. Taasisi moja ya huduma za watoto ya Los Angeles ilihoji watoto wapatao 400, ikitumia vikaragosi vya mkononi ili mtoto aongee kupitia kikaragosi. Kanda za mahojiano zipo, na ukisoma yaliyonakiliwa kutoka humo utaona mtindo mmoja ukirudi: mtoto anaambiwa wenzake wameshasema siri zote, anasifiwa kuwa na akili akikubali, na akikana anaulizwa tena au anaonyeshwa kwamba labda hana akili kama wenzake. Kufikia majira ya kuchipua ya 1984 taasisi ilidai watoto kama 360 wamedhulumiwa kingono. Walimu na wasimamizi 7, akiwemo bibi mwanzilishi wa shule aliyekuwa anatembelea kiti cha magurudumu, walishtakiwa kwa makosa zaidi ya 300.

Masimulizi yalikua kadiri maswali yalivyoongezeka. Mahandaki chini ya shule. Wanyama waliochinjwa ili watoto watishwe. Safari za ndege. Ibada kanisani zenye watu waliovaa majoho. Mtoto mmoja alipoonyeshwa picha za watu mbalimbali ili atambue waliomdhuru, alimwonyesha Chuck Norris, mwigizaji wa filamu za mapigano. Wazazi walichimba ardhi ya shule, na wataalamu wa akiolojia walioletwa na waendesha mashtaka wakachimba pia mwaka 1985. Mahandaki hayakuonekana.

Januari 1986 mwendesha mashtaka mpya aliwafutia mashtaka watu 5, akisema wazi kwamba ushahidi dhidi yao ni dhaifu mno. Wawili waliobaki, mama na mwanawe, walisimama kizimbani kuanzia 1987 hadi 1990. Mama aliachiwa kwa makosa yote. Mwana aliachiwa kwa mengi, jopo la mahakama likashindwa kukubaliana juu ya yaliyobaki, likaitwa jopo la pili, nalo likashindwa, mashtaka yakafutwa. Alikuwa ameshakaa rumande miaka 5 bila kutiwa hatiani kwa lolote. Kesi iligharimu dola milioni 15 hivi, na hadi wakati huo hakukuwa na kesi ya jinai iliyochukua muda mrefu na fedha nyingi kuliko hiyo katika historia ya Marekani.

Mwaka 2005 mmoja wa watoto wale, sasa mtu mzima mwenye watoto wake, alijitokeza kwenye gazeti akasema hakuguswa na mtu yeyote pale shuleni. Alieleza kwamba kila alipotoa jibu lisilotakiwa aliulizwa tena, hadi akatambua wanachotaka kusikia, akawapa.

Mambo matatu yaliyofungwa fundo moja

Mjadala huu hukwama kwa sababu watu hutumia jina moja kwa mambo matatu tofauti.

La kwanza ni ukatili wa kingono dhidi ya watoto. Huo upo, ni mwingi, na mara nyingi sana anayeufanya ni mtu ambaye mtoto anamfahamu: ndugu, jirani, mlezi, kiongozi wa dini. La pili ni mhalifu anayetumia vitisho vya kidini au vya kichawi ili mtoto asiseme: kinyago, kiapo, hadithi ya pepo atakayemkamata. Hilo nalo limethibitika katika kesi chache. La tatu ndilo lililowasha moto wa miaka ya 1980: madai kwamba upo mtandao wa siri wa waabudu shetani, unaovuka miji na vizazi, unaodhulumu watoto kwa mamia na kuwatoa kafara, na kwamba humo wamo mapolisi, mahakimu na madaktari.

Ni hilo la tatu ambalo halijawahi kupata mwili, mfupa wala shimo la kaburi. Kenneth Lanning, mpelelezi wa FBI aliyebobea katika uhalifu dhidi ya watoto, mwanzoni alikuwa tayari kuyaamini madai hayo. Baada ya kushauri kesi nyingi kwa miaka kadhaa aliandika ripoti mwaka 1992 akisema hakuna ushahidi wa kuyathibitisha. Hoja yake ilikuwa ya kazi, ya mtu aliyeshika majalada: watu wengi namna hiyo wakishirikiana kuua namna hiyo kwa miaka mingi, lazima mmoja atagombana na mwenzake na kumchoma, lazima kitu kisahaulike mahali. Utafiti wa kitaifa wa Marekani ulioongozwa na mwanasaikolojia Gail Goodman ulipitia madai zaidi ya 12,000 na haukupata hata mtandao mmoja uliothibitika. Uingereza, mwanaanthropolojia Jean La Fontaine alichunguza kesi 84 kwa niaba ya Wizara ya Afya. Ripoti yake ya 1994 ilikuta kesi 3 tu zenye ushahidi wa matambiko ya namna yoyote, na hata hizo tambiko lilikuwa pazia la mhalifu wa kawaida, bila ibada yoyote ya shetani.

Wanaolishika fundo hilo kwa nguvu huuliza: ina maana watoto wote wale walikuwa waongo? Swali hilo lenyewe ndilo tatizo. Linadhani kuna milango miwili tu, mtoto ameona au mtoto anadanganya. Mtoto wa jaribio la Sam Stone hakupitia mlango wowote kati ya hiyo.

Hapana isiyokuwa na mahali pa kukaa

Mwaka 1983 daktari wa magonjwa ya akili Roland Summit alichapisha makala iliyosomwa kila kona ya Marekani. Alieleza jinsi watoto waliodhulumiwa wanavyoishi na siri: hunyamaza, huchelewa kusema, husema nusu nusu, na wakishasema mara nyingine hukana. Kama maelezo ya watoto ambao dhuluma yao inajulikana, yalisaidia, kwa sababu mahakama za kale zilikuwa zikiwatupa watoto hao kwa kosa la kuchelewa tu. Lakini mikononi mwa wapelelezi yakageuka kipimo. Mtoto akikubali, imetokea. Akikana, imetokea na anaogopa. Akikubali kisha akakana, imetokea na hiyo ndiyo alama yenyewe. Summit mwenyewe alikuja kulalamika mwaka 1992 kwamba makala yake inatumiwa vibaya.

Mtego huo ulivuka bahari. Alfajiri ya tarehe 27 Februari 1991, polisi na maofisa wa ustawi wa jamii walifika kwa pamoja kwenye nyumba nne za South Ronaldsay, kisiwa kidogo katika visiwa vya Orkney kaskazini mwa Uskoti. Wakaondoka na watoto 9, wakawapandisha ndege hadi bara. Madai yalitoka kwa watoto wa familia nyingine kisiwani humo, familia ambayo baba yake alikuwa amefungwa kweli kwa kuwadhulumu wanawe. Watoto hao, wakiwa kwenye malezi ya serikali na wakihojiwa mara kwa mara, walizungumzia ngoma za usiku machimboni na mchungaji aliyevaa joho. Wale 9 walikana. Wakahojiwa tena kwa wiki kadhaa. Wakakana. Tarehe 4 Aprili hakimu David Kelbie aliitupa kesi, na akasema mahojiano yale yalikuwa kama ya kuwavunja watoto mpaka wakiri. Jioni hiyo hiyo ndege iliwarudisha kisiwani.

Walikuwa na bahati kuwa wakubwa kidogo, wengine wakiwa wameshafika ujanani. Mtoto wa miaka minne hawezi kushikilia hapana kwa wiki tano.

Wala mtu mzima, wakati mwingine. Mwaka 1988 ofisa mmoja mwandamizi wa polisi wa wilaya katika jimbo la Washington, mtu wa dini sana, alituhumiwa na mabinti zake. Akasema hakumbuki lolote, lakini mabinti zake hawasemi uongo, kwa hiyo lazima alifanya. Wahoji na mchungaji wake wakamwambia akiomba na kutulia, kumbukumbu zitakuja. Zikaja, moja baada ya nyingine, hadi zikafika kwenye ibada za shetani. Mwanasosholojia Richard Ofshe, aliyeitwa na upande wa mashtaka, akaingiwa na shaka. Akabuni tukio kichwani mwake, tukio ambalo hata watoto walisema halikutokea, akamweleza mtuhumiwa kama tuhuma mpya. Siku chache baadaye akaletewa maungamo ya kurasa kadhaa, yenye mazungumzo na yote. Jaribio hilo halikumwokoa. Alikuwa amekiri, akafungwa, na alipojaribu kukana maungamo yake mahakama ilikataa.

Huku nje, vyumba vya tiba vilikuwa vinafanya kazi hiyo hiyo kwa utulivu zaidi. Mwaka 1980 kilikuwa kimetoka kitabu cha mwanamke wa Kanada na daktari wake wa akili, kikisimulia kumbukumbu za utotoni za mateso ya waabudu shetani alizozipata tena kwenye kochi la daktari. Daktari na mgonjwa walikuja kuoana. Kitabu kikawa mwongozo: wapelelezi na maofisa wa ustawi walikisoma kujua waulize nini, na walipouliza waliyoyasoma, walijibiwa waliyoyasoma.

Daktari aliyeona picha

Mtu anaweza kukubali haya yote akasema: sawa, lakini vipimo vya hospitali je? Hapa ndipo kesi ya Austin, Texas, inaponiuma kuliko zote.

Mwaka 1991 mke na mume waliokuwa wakilea watoto nyumbani kwao walituhumiwa. Watoto walikuja kusema wamenyweshwa kinywaji chenye damu na kupelekwa Mexico kwa ndege na kurudishwa kabla wazazi hawajaja kuwachukua. Mahakama ingeweza kuyapuuza hayo. Lakini daktari wa zamu wa kitengo cha dharura alikuwa amempima mtoto mmoja wa kike akaona kile alichokitafsiri kama majeraha ya kuingiliwa. Ushahidi huo ulikuwa ndio pekee wenye sura ya kitu cha kushikika. Wanandoa hao walipewa kila mmoja miaka 48.

Miaka michache baadaye daktari yule alihudhuria kongamano la kitabibu. Mhadhiri akaonyesha picha za maumbile ya watoto wa kike yaliyo ya kawaida kabisa, ya watoto ambao hawakuguswa. Moja ya picha hizo ilikuwa na umbo lile lile aliloliona. Mwaka 2013 alisimama mbele ya hakimu akasema alikosea. Wanandoa wakatoka mwaka huo, baada ya miaka 21 gerezani, wakiwa wameshaachana na wamezeeka. Mwaka 2017 walitangazwa rasmi kuwa hawana hatia, wakalipwa dola milioni 3.4.

Daktari alikuwa hana ubaya na mtu. Shida ni kwamba mwanzoni mwa miaka ya 1980 karibu hakuna aliyekuwa amechunguza kwa utaratibu watoto wasiodhulumiwa wana maumbile gani. Daktari John McCann na wenzake wa California walipofanya kazi hiyo na kuichapisha kuanzia 1989, waligundua kwamba alama nyingi zilizokuwa zikiapiwa mahakamani zinapatikana kwa watoto wa kawaida. Kwa miaka kadhaa watu walikuwa wamepimwa kwa rula isiyo na sifuri.

Kwa nini wakati ule

Hadithi yenyewe ni kuukuu. Wakristo wa karne za mwanzo ndio walioshutumiwa nayo kwanza: Warumi walinong'ona kwamba mwanachama mpya hupewa mtoto mchanga aliyefunikwa unga ili amchome bila kujua. Karne nyingi baadaye Wakristo wakaigeuzia kwa Wayahudi, kuanzia Norwich huko Uingereza mwaka 1144, na mjini Trento mwaka 1475 Wayahudi waliteswa hadi wakakiri kumuua mtoto wa miaka miwili, wakauawa. Ibada ya kumheshimu mtoto huyo kama mfiadini haikufutwa na Kanisa hadi 1965. Uswidi, kuanzia 1668, maelfu ya watoto walisema wachawi wamewabeba usiku kwenda kwa Shetani. Iliisha Stockholm mwaka 1676, pale wajumbe wa tume walipoanza kuwahoji watoto mmoja mmoja kwa makini, nao wakakiri kuwa wametunga. Wanawake walikuwa wameshauawa.

Kila safari mzee huyu hurudi na nguo mpya. Ya miaka ya 1980 ilishonwa kwa vitambaa vingi: akina mama wa Marekani waliingia makazini kwa wingi na kuwaacha watoto kwa wageni, huku wakiambiwa kila siku kwamba wanakosea, sheria ya 1974 ilikuwa imeyapa majimbo fedha kwa sharti la kuwa na sheria za kuripoti dhuluma, na jamii iliyofumba macho kwa vizazi ikajikuta na aibu ya kufidia, wahubiri wa kiinjili waliona Shetani kila mahali, na baadhi ya wanaharakati wa wanawake, ambao kwa kawaida hawakuketi meza moja na wahubiri hao, waliona hatimaye watoto wanasikilizwa. Kaulimbiu ilikuwa "Waamini watoto". Nani angesimama kuipinga? Wasomi huita hali hii taharuki ya kimaadili, neno lililopata umaarufu kwa mwanasosholojia Stanley Cohen mwaka 1972. Yeye alikuwa akiandika kuhusu vijana wakorofi wa fukwe za Uingereza, lakini umbo ni lile lile: tatizo lililopo linavimbishwa, adui anapewa sura, na kila taasisi inaogopa kuonekana imelala.

Televisheni ilifanya sehemu yake. Oktoba 1988 Geraldo Rivera alitangaza kipindi cha saa mbili kuhusu waabudu shetani kilichotazamwa na mamilioni. Mwaka 1995 aliomba radhi hadharani. Magazeti hayakuwa bora. Mwandishi David Shaw alipata tuzo ya Pulitzer mwaka 1991 kwa kuchambua namna vyombo vya habari vilivyoimeza kesi ya McMartin, na gazeti alilolikosoa zaidi lilikuwa lake mwenyewe, Los Angeles Times. Polisi nao walisafiri kutoka semina hadi semina wakigawiwa orodha za "dalili". Katika wilaya ya Kern, California, watu wasiopungua 36 walitiwa hatiani, wengine kwa vifungo vya zaidi ya miaka 200. Hukumu 34 zilikuja kubatilishwa.

Tuna methali inayosema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Wamarekani nao wana yao ya moshi na moto. Yetu nimekua nikiisikia ikitumiwa kufunga mabishano, na kwa habari ya umbeya wa kawaida haina madhara makubwa. Kwenye chumba cha mahojiano, nusu yake ya pili ni maelezo sahihi kabisa ya kilichotokea: halikuwepo, likaja.

Outreau, mahali ambapo vyote viwili vilikuwa kweli

Ingekuwa rahisi kama kila kesi ingekuwa tupu. Wapo wanazuoni wanaodai kwamba baadhi ya waliosafishwa waliwadhuru watoto kweli, na kwamba hadithi ya taharuki nayo imegeuka kichaka cha kujifichia. Sikubaliani nao kwa kesi nyingi, lakini kuna mji mmoja wa Ufaransa unaonizuia kuwapuuza.

Outreau, kaskazini mwa nchi, mwanzoni mwa miaka ya 2000. Baba na mama mmoja walikuwa wanawadhulumu wana wao, na majirani wawili walihusika. Hilo lilithibitika. Lakini mama huyo na baadhi ya watoto walianza kutaja watu wengine: mwoka mikate, dereva wa teksi, ofisa wa mahakama na mkewe, padri. Hakimu mpelelezi kijana aliandika majina yote. Watu 17 walifika kizimbani. Mwingine alikuwa ameshafia gerezani. Mmoja wa waliofungwa, kijana asiye na hatia, alibuni njia ya kukata tamaa: Januari 2002 aliandika barua kwa hakimu na kwa kituo cha televisheni akikiri kwamba ameshuhudia msichana mdogo akiuawa. Alitunga kila neno. Alitaka kuona kama yule mama aliyekuwa akitaja majina atakikubali kitu ambacho hakikuwahi kuwepo. Akakikubali, akaongeza na undani wake. Polisi wakachimba bustani wakitafuta mwili.

Hata hapo waliendelea kukaa ndani. Wa mwisho kati ya watu 13 waliosafishwa alisafishwa Desemba 2005, na Rais Jacques Chirac akaomba radhi kwa niaba ya taifa. Mahakama ilitambua pia kwamba watoto 12 walikuwa waathirika wa kweli. Kwa miaka yote hiyo mijadala ya taifa ilikuwa juu ya padri na mwoka mikate, na wale watoto 12 walibaki pembeni ya hadithi iliyodaiwa kuwa yao.

Mbwa anaitwaje?

Hadithi haijazeeka. Desemba 2016 mwanamume mmoja aliingia na bunduki kwenye mgahawa wa piza jijini Washington kuwaokoa watoto aliosoma mtandaoni kwamba wamefungiwa ghorofa ya chini. Jengo halikuwa na ghorofa ya chini. Mwaka uliofuata likazaliwa vuguvugu la mtandaoni la QAnon, lenye mtandao ule ule wa siri, kafara zile zile, na sasa hata mtoto wa kuhojiwa hahitajiki, simu inatosha.

Nchini New Zealand, Peter Ellis, mlezi wa chekechea ya Christchurch, alihukumiwa mwaka 1993. Alikufa 2019 rufaa yake ikiwa bado mezani. Mahakama Kuu kabisa ya nchi iliamua iendelee bila yeye, ikizingatia pia mila ya Wamaori, ambao kwao heshima ya mtu na ukoo wake haiishi kwa kifo, na Oktoba 2022 hukumu zake zote zikafutwa.

Kilichobadilika kweli ni chumba cha mahojiano. Leo katika nchi nyingi mhoji aliyefunzwa hurekodi kila neno tangu mwanzo, huuliza maswali mapana, niambie kila kitu kilichotokea, kisha hunyamaza. Kunyamaza huko, wanasema wakufunzi, ndiko kugumu kuliko yote. Mwongozo unaotumika sana, uliotengenezwa na Michael Lamb na wenzake katika NICHD, taasisi ya Marekani ya afya ya watoto, unaanza kabla ya kugusia jambo lenyewe. Mhoji humwambia mtoto: nikikosea nirekebishe, na kama hujui sema hujui. Halafu humfanyisha mazoezi. Humwambia mvulana wa miaka mitano kwamba yeye ni msichana wa miaka miwili, asubiri abishe. Kisha humwuliza swali ambalo mtoto hana namna ya kulijua: mbwa wangu anaitwaje?

Mtoto akibuni jina, wanaanza upya, taratibu, mpaka aweze kumtazama mtu mzima usoni na kumwambia, sijui.